Gome au Parafujo: Historia ya Kizibo cha Mvinyo

Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa habari za nyumba na mwenendo wa watu. Lakini wako watu ambao riziki yao yote hutegemea kuziba tundu moja dogo, lisilozidi unene wa kidole gumba. Hao ni watengenezaji wa mvinyo wa zabibu. Mkulima hupogoa mizabibu yake, huikinga na baridi na maradhi, huchuma matunda na kuyakamua, huyaacha maji yake yachachuke na kutulia, kisha huyatia katika chupa. Kazi ya mwaka mzima, na pengine ya miaka kadha, hukabidhiwa kitu kidogo kikaacho katika mdomo wa chupa. Kitu hicho kikiwa na kasoro, kazi yote hupotea.

Kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi kitu hicho kilikuwa kizibo cha gome la mti. Leo kizibo hicho kina mshindani wake, nacho ni kifuniko cha madini kifungwacho kwa kuzungushwa kama parafujo. Mashindano ya viwili hivi ndiyo habari ya insha hii. Hatusemi haya ili kusifu ulevi. Msomaji ambaye hajaonja mvinyo, wala hatauonja, kwa sababu ya umri au ya dini, aweza pia kufaidika kwa kisa hiki, maana swali lililomo ni kubwa kuliko chupa. Je, watu huachaje jambo la zamani na kushika jambo jipya? Je, ushahidi peke yake watosha kuyashinda mazoea?

Lugha yetu yenyewe ina alama za habari hii. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, na neno parafujo vile vile. Watu wa taifa hilo, ambao walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka wa 1593, walituachia maneno hayo pamoja na meza na mengineyo. Tena Ureno, nchi walikotoka, ndiyo itoayo karibu nusu ya magome yote ya namna hii duniani. Basi na tuanze huko.

Kusini mwa Ureno, katika jimbo la Alentejo, kuna misitu mipana ya mti wa jamii ya mwaloni, ambao wataalamu wa mimea huuita Quercus suber. Mti huu huota pia katika Hispania, Moroko, Aljeria, Tunisia, Italia na kusini mwa Ufaransa. Gome lake ni nene na jepesi, na ajabu yake ni kwamba mti huambuliwa gome usife, ukaota gome jingine. Watu hungoja mpaka mti ufikie umri wa miaka kama 25 ndipo wauambue mara ya kwanza. Gome hilo la kwanza ni gumu, tena limekunjamana, halifai kwa chupa. Baada ya hapo sheria ya Ureno hutaka ipite miaka 9 kabla ya kuambua tena. Gome la pili nalo halifai sawasawa. La tatu ndilo liwezalo kukatwa vizibo vizuri. Kwa hiyo mtu apandaye mti huu huwapandia watoto na wajukuu, maana miaka zaidi ya 40 hupita kabla ya kupata kizibo kimoja cha kutegemewa.

Kazi ya kuambua hufanywa katika majira ya joto, kwa shoka. Mwambuaji hana budi kupiga kwa kiasi, kwa sababu akipiga kidogo gome halifunguki, na akizidisha huujeruhi mti. Mti ukiisha kuambuliwa huandikwa kwa rangi tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, ili watu wajue ni lini utakuwa tayari tena. Magome huachwa yakauke kwa miezi kadha, huchemshwa, hukatwa vipande virefu, na vizibo hutobolewa humo. Mti mmoja waweza kuishi miaka 200 hivi. Kuukata bila ruhusa ni kosa katika sheria za Ureno.

Kwa nini gome hili lilifaa kuliko mengine? Mwaka wa 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alitoa kitabu kiitwacho Micrographia, alimoeleza vitu alivyoviona kwa hadubini. Alikata ubale mwembamba wa gome hili akaona vyumba vidogo vidogo vilivyopangana. Alikadiria kwamba inchi moja ya mchemraba ina vyumba zaidi ya milioni 1,200. Akavipa jina lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya chumba kidogo, na kutoka huko ndiko lilikotoka neno seli, mlitumialo darasani katika somo la elimu ya viumbe. Vyumba hivyo vimejaa hewa, na kuta zake zina kitu mfano wa nta. Ndiyo maana gome hubonyea likishindiliwa, kisha hutanuka na kukikaza kioo pande zote, wala maji hayapenyi upesi.

Watu wa kale waliijua sifa hii. Mwandishi wa Kirumi, Pliny, aliyekufa mwaka wa 79 baada ya Kristo, aliandika kwamba gome hili lilitumiwa katika kamba za nanga na nyavu za wavuvi, katika vizibo vya mitungi, na katika viatu vya wanawake wakati wa baridi. Walakini, dola ya Kirumi ilipoanguka desturi hiyo ilififia katika Ulaya ya kaskazini. Mvinyo ulikaa katika mapipa, ukanywewa mapema kabla haujageuka kuwa siki. Chupa za siku hizo zilikuwa nyepesi, za kuletea mvinyo mezani tu, nazo zilizibwa kwa matambara au kwa vipande vya mti.

Mabadiliko yalikuja kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka wa 1615 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alikataza kuni zisitumiwe katika matanuri ya kioo, kwa sababu miti ilihitajiwa kwa kuunda merikebu. Mafundi wakageukia makaa ya mawe. Moto wa makaa hayo ulikuwa mkali zaidi, na kioo kikatoka kinene na kigumu. Sir Kenelm Digby ndiye atajwaye sana kwa chupa ngumu zilizotengenezwa katika miaka ya 1630. Chupa ya namna hiyo iliweza kushindiliwa gome kwa nguvu isipasuke. Tazama, msomaji, jinsi amri iliyotolewa kwa ajili ya merikebu ilivyokuja kubadili mvinyo!

Mwaka wa 1703 Uingereza na Ureno zilifanya mapatano yaliyoitwa Mapatano ya Methuen, ambayo yalipunguza ushuru wa mvinyo wa Ureno kuliko ule wa Ufaransa. Mvinyo mtamu na mzito wa Ureno ukamiminika katika Uingereza, nao ulikuwa wa aina izidiyo kuwa nzuri kadiri ikaavyo. Katika karne hiyo ya 18 chupa iliyokuwa na tumbo kama kitunguu ikarefushwa, hata ikaweza kulazwa ubavuni. Chupa ikilala, mvinyo hugusa gome na kulilowesha, gome lisikauke na kusinyaa. Mwaka wa 1795 kasisi mmoja wa Kiingereza, Samuel Henshall, alipewa hataza ya kizibuo cha kuzungusha. Kizibo kikawa kimekamilika na kizibuo chake.

Basi vizazi vikapita. Kuzibua chupa mbele ya wageni kukawa heshima ya meza, na mlio wa gome litokapo katika chupa ukawa ishara ya furaha. Kitu kilichochaguliwa kwa kuwa chafaa, kikaanza kupendwa kwa kuwa ni desturi. Na jambo likiisha kuwa desturi, watu huacha kuuliza kama bado lafaa.

Lakini gome lilikuwa na aibu yake. Mara kwa mara mtu alifungua chupa, pengine ya bei kubwa, akakuta mvinyo unanuka kama karatasi nzito iliyolowa au ghala lenye ukungu. Haukuwa sumu, wala haukumdhuru mtu; ila ladha yote ya zabibu ilikuwa imekufa. Mwaka wa 1982 wataalamu watatu wa Uswisi, Buser, Zanier na Tanner, walichapisha habari za kemikali iletayo uvundo huo. Kwa ufupi huitwa TCA. Hutokea pale kuvu iliyomo katika gome inapokutana na kemikali zenye klorini. Na kwa muda mrefu vizibo vilisafishwa kwa dawa ya klorini ili vipate weupe wa kupendeza! Kemikali hii ina nguvu ya ajabu. Gramu moja tu, ikisambazwa sawasawa, yatosha kuharibu harufu ya mvinyo lita 200,000,000.

Kulikuwa na mabishano juu ya wingi wa chupa zilizoharibika. Waliouza vizibo walitaja hesabu ndogo, na walionunua walitaja kubwa. Jambo moja halikuwa na ubishi: hakuna aliyeweza kujua, kwa kutazama tu, ni kizibo gani kati ya elfu kitakachomwangusha. Tena mnunuzi asiyejua sababu hakulaumu gome. Alimlaumu mkulima, akaenda kununua kwingine. Hapo ndipo uchungu wa mkulima ulipokuwa.

Kifuniko cha parafujo hakikuwa kitu kigeni. Mwingereza Dan Rylands, wa mji wa Barnsley, alipata hataza ya kifuniko cha namna hiyo mwaka wa 1889. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1892, William Painter wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya kizibo kile chenye meno pembeni ambacho kila mwanafunzi wa Kenya amekiona juu ya chupa ya soda. Na ndani ya kizibo cha Painter mlikuwa na kipande chembamba cha gome lile lile la mwaloni. Wauza wiski nao walikubali parafujo katika miaka ya 1920. Mvinyo peke yake ulibaki nyuma. Parafujo ilipotumiwa, aghalabu ilitumiwa kwa mvinyo wa bei ya chini, hata watu wakaona kwamba parafujo na unyonge ni ndugu.

Mwaka wa 1964 Peter Wall, aliyekuwa msimamizi wa kazi katika kampuni ya Yalumba ya Australia, aliwaendea Wafaransa waliokuwa wakitengeneza vifuniko, akitafuta kitu cha kushika mahali pa gome. Kutokana na juhudi hizo kilipatikana kifuniko kiitwacho Stelvin. Ni kofia ndefu ya alumini ishukayo shingoni mwa chupa, na ndani yake mna utando wa madini na plastiki ubanao mdomo wa kioo. Waaustralia wakakijaribu katika miaka ya 1970, wakaona kwamba chalinda mvinyo vizuri. Mwisho wa miaka hiyo wakaanza kukiuza sokoni.

Wakashindwa. Si kwa kuwa kifuniko kilivuja, wala kwa kuwa mvinyo uliharibika. Bali wanunuzi walikitazama kwa macho wakakidharau. Katika miaka ya 1980 watengenezaji walirudia gome. Ushahidi walikuwa nao, lakini ushahidi huo ulikaa katika taarifa za wataalamu, na mnunuzi dukani hakuwa na habari nao. Uswisi tu ndiko parafujo iliposhika mizizi wakati huo, maana mvinyo wao mweupe wa zabibu ziitwazo Chasselas ni mwepesi, na uvundo mdogo tu hudhihirika ndani yake.

Iliyafuata miaka ishirini hivi. Katika bonde la Clare, Australia ya Kusini, hutengenezwa mvinyo mweupe wa zabibu za Riesling, na watengenezaji wake walikuwa wamechoka kuona kazi yao ikinuka ukungu. Mwaka wa 2000 zaidi ya kumi miongoni mwao, Jeffrey Grosset akiwa mmoja wa viongozi wao, walikata shauri la kuuza mvinyo wa mwaka huo kwa kifuniko cha parafujo. Chupa za shingo ifaayo hazikupatikana kwao, ikawabidi waziagize Ufaransa. Walikuwa washindani katika biashara, kila mmoja na wateja wake. Lakini waliingia sokoni pamoja, wakaeleza sababu zao waziwazi kwa wanunuzi na waandishi. Mtu mmoja akibadili kizibo, watu husema amefilisika. Majirani wote wakibadili kwa siku moja, watu huuliza kuna nini.

Mwaka ule ule, katika bonde la Napa huko Marekani, kampuni ya PlumpJack ilitia nusu ya mvinyo wake bora wa mwaka wa 1997 katika chupa za parafujo, na chupa hizo ikaziuza ghali zaidi kwa dola 10 kuliko zile zenye gome. Hilo lilikuwa jibu kwa wale waliosema kwamba parafujo ni ya mvinyo wa kimaskini. Mwaka wa 2001 watengenezaji wa New Zealand nao waliunda umoja wao kwa kusudi hilo. Wakati huo karibu chupa zote za nchi hiyo zilizibwa kwa gome. Baada ya mwongo mmoja hivi, chupa tisa katika kila kumi zilikuwa na parafujo.

Sasa msomaji angalie jambo hili. Kifuniko kilichoshinda mwaka wa 2000 kilikuwa cha namna ile ile iliyoshindwa hapo kwanza. Kilichobadilika ni watu, nao walibadilika kwa sababu wenye hasara waliungana na kueleza.

Haki yatutaka tueleze na upande wa pili. Mwaka wa 1999 Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia ilianza kupima aina 14 za vizibo kwa mvinyo mmoja mweupe, na taarifa yake ilitoka mwaka wa 2001. Kifuniko cha parafujo kiliuhifadhi upya wa mvinyo kuliko vyote. Lakini mvinyo uliozibwa nacho ulionekana pia kuwa na harufu kidogo ya mpira, kwa sababu hewa ilikuwa haba mno. Kukaza sana kuna hasara yake. Wapenzi wa mvinyo mwekundu wa kukaa miaka mingi husema kwamba hewa kidogo ipitayo katika gome huukomaza taratibu, na wengi wao wameshikilia gome kwa sababu hiyo.

Tena kuna misitu. Ureno ina hekta 700,000 hivi za miti hii. Chini yake hulishwa kondoo na nguruwe, na katika misitu ya namna hii ya Ureno na Hispania huishi ndege na wanyama wa nadra. Waambuaji, ambao hupata ujira mzuri kuliko vibarua wengi wa shamba, wamerithi kazi hiyo kwa baba zao. Mwaka wa 2006 shirika la WWF lilionya kwamba kama vizibo vya gome vitaachwa, wenye misitu hawatakuwa na sababu ya kuitunza, na itakuwa hatarini kukauka, kuungua, au kugeuzwa kuwa mashamba ya mambo mengine. Alumini huweza kuyeyushwa na kutumiwa tena, lakini kuipata mara ya kwanza ni kuchimba ardhi na kuteketeza umeme mwingi. Kwa hiyo mkulima wa Clare aliyeokoa mvinyo wake alitikisa, pasipo kukusudia, maisha ya mwambuaji wa Alentejo ambaye hakuwahi kumwona.

Watu wa gome hawakukaa wakilia. Walipoona soko lawaponyoka, waliacha dawa ya klorini, wakaanza kusafisha magome kwa mvuke, wakajenga maabara. Katika miaka ya 2010 ziliingizwa mashine ziwezazo kupima kizibo kimoja kimoja na kukitupa chenye TCA. Haya yote yangaliweza kuanza mapema. Lakini mwenye soko peke yake huona malalamiko ya wateja kuwa kelele, mpaka siku wateja wapatapo mahali pengine pa kwenda. Mshindani ndiye aliyewafundisha wauza magome kusikia.

Ni kipi basi kilicho bora? Jibu hutegemea kazi. Kwa mvinyo mweupe wa kunywewa ungali mpya, parafujo yafaa sana: haina uvundo wa gome, wala haihitaji kizibuo. Kwa mvinyo wa kulazwa ghalani miaka mingi, wengi wangali wakichagua gome, hasa katika nchi za Ulaya zilizolizoea tangu zamani. Hakuna kilichokifukuza kingine duniani. Gome lililokuwa peke yake kwa karne tatu halikusahihisha kasoro yake kuu. Lilipopata mpinzani, lilijisahihisha katika muda wa miaka michache.

Wewe msomaji utakutana na mashindano ya namna hii katika maisha yako, shambani, dukani au ofisini. Mmoja atakuambia kwamba la zamani ni jema kwa kuwa ni la zamani. Mwingine atakuambia kwamba jipya ni jema kwa kuwa ni jipya. Usimfuate hata mmoja kabla ya kuuliza maswali matatu: jambo hili lafanya kazi gani, nani apataye hasara likikosa, na nani atakayepoteza riziki likiachwa? Watu wa Clare waliuliza la kwanza na la pili. La tatu liliulizwa na watu wa Alentejo, kwa sababu misitu ilikuwa yao.